Kamera ya mkanda mdogo ukiwa Kigoma: ununue ipi kwanza

Kijana mmoja anayepiga video za harusi hapa Mwanga aliniuliza mwezi uliopita, "Kaka, hivi mkanda wa milimita 8 bado unatengenezwa?" Nikamwambia unatengenezwa. Kodak walioleta Super 8, yaani mkanda wa milimita 8 ulio ndani ya kaseti, mwaka 1965 wanauza kaseti zake mpaka leo. Zipo za rangi, Vision3 50D, 200T na 500T. Ipo Ektachrome, waliyoiacha mwaka 2012 na kuirudisha 2018. Na ipo Tri-X, nyeusi na nyeupe. Lakini mlango umebana. Fujifilm walijitoa kwenye mikanda ya sinema mwaka 2013, na Kodak wenyewe waliingia kwenye ufilisi Januari 2012 wakatoka mwaka uliofuata. Leo wapenzi wa mkanda duniani kote wanaegemea viwanda vichache mno.

Ndiyo maana mtu wa Kigoma akiniomba ushauri wa kamera, namuuliza kwanza: nani atakusafishia mkanda? Vision3 inataka dawa za ECN-2, Ektachrome inataka za E-6, na kwa sisi huku hiyo maana yake ni kutuma Ulaya, kwenye maabara kama Andec ya Berlin. Kaseti moja, ukijumlisha kununua, kusafisha na kuskani, uwe tayari kwa dola 80 au zaidi kabla hujalipia usafiri. Tri-X ndiyo inayotuokoa, kwa sababu unaweza kuisafisha nyumbani ikatoka negativu, kwa dawa ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe kama D-76. Mpangilio wangu wote umetokana na hilo. Kamera bora ni ile itakayokuonyesha makosa yako wiki hii hii, ukiwa bado unakumbuka ulisimama wapi na jua lilikuwa upande gani.

Ya kwanza: Super 8 ya mtumba inayotumia betri za AA

Hapa sisiti. Chukua kamera ya miaka ya 1970, mfano Canon 514XL, inayokula betri za AA kama za rimoti, zinazouzwa kila duka la mtaani. Nyingi za miaka ya 1960 zilihitaji pia betri ndogo ya zebaki kwa ajili ya kipima mwanga, na betri hizo hazitengenezwi tena. Kaseti unaichomeka tu, hakuna kufunga mkanda kwa mkono. Ina futi 50, yaani fremu (picha moja moja) 3,600. Kwa kasi ya fremu 18 kwa sekunde unapata dakika 3 na sekunde 20, na kwa fremu 24 unapata dakika mbili na nusu.

Dakika tatu zinasikika chache mpaka usimame Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wakirudi na taa zao. Nilipokuwa na simu nilirekodi saa nzima na sikuwahi kuiangalia tena. Nilipokuwa na kaseti moja nilingoja, nikachagua mtumbwi mmoja, nikaufuata tangu unagusa mchanga mpaka ndoo ya kwanza inamwagwa kwenye kichanja. Nikamwachia mama aliyekuwa anatandaza dagaa zile sekunde 40 zilizobaki. Hiyo kaseti naijua fremu kwa fremu.

Kabla ya kulipa, kagua au mwombe muuzaji akurekodie video akifanya haya. Afungue chumba cha betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vyuma, achana nayo. Mimi niliwahi kununua kamera mtandaoni iliyoandikwa "inafanya kazi vizuri", ikanifikia betri za zamani zimevujia ndani na waya zimelika. Muuzaji hakujibu tena. Kisha afungue mlango wa kaseti, abonyeze kitufe, na akusikilizishe: mlio uwe wa mfululizo, usiopanda na kushuka. Aelekeze lenzi dirishani halafu kwenye kona yenye giza, na wewe uone sindano ya kipima mwanga inasogea. Mwisho amulike tochi ndani ya lenzi. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa masika yetu huku ziwani kuvu haitabaki ndogo.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kamera nyingi za bei ndogo zinatambua kasi mbili tu za mkanda (yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga), 40 na 160. Tri-X na 200T zitaingia hapo vizuri, na 50D pia. Ektachrome ya 100 haisamehi mwanga ukizidi, kwa hiyo kwenye kamera ya aina hiyo iache kwanza.

Ya pili: milimita 16 ya kujaza springi

Bolex H16 ya Uswisi au Krasnogorsk-3 ya Kisovieti. Hazihitaji betri yoyote kuendesha mkanda. Unazungusha ufunguo, zinakupa chini kidogo ya nusu dakika kwa fremu 24, unajaza tena. Fremu yake ina eneo zaidi ya mara tatu ya Super 8, na tofauti hiyo unaiona kwenye majani, kwenye nywele, kwenye maji. Hugo van Lawick alipokuja Gombe mwaka 1962 kumpiga filamu Jane Goodall na sokwe wake, milimita 16 ndiyo aliyobeba. Kinachoishusha hadi nafasi ya pili ni gharama: futi 100 zinaisha kwa dakika 2 na sekunde 46. Kama tayari umemaliza kaseti kumi za Super 8 na mkono umetulia, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu: milimita 8 ya zamani

Huu ndio muundo wa mwaka 1932. Mkanda una upana wa milimita 16, unapita mara mbili, kila mara nusu yake, kisha unapasuliwa katikati baada ya kusafishwa. Kamera zake ni za bei rahisi kupita zote na nyingi ni za springi. Foma wa Jamhuri ya Cheki wanatengeneza mkanda wake mweusi na mweupe. Tabu ni kugeuza mkanda katikati ya kazi. Jua letu la saa sita likikukuta hapo, kingo zote za mkanda zinaungua kwa mwanga, kwa hiyo tafuta kivuli cha mwembe.

Ya nne: Super 8 mpya ya Kodak

Waliitangaza mwaka 2016, ikafika sokoni mwishoni mwa 2023 kwa dola 5,495. Ina kioo cha kutazamia na inarekodi sauti kwenye kadi. Nafurahi ipo. Kwa pesa hiyo lakini, nunua ya mtumba na kaseti za miaka kadhaa.

Usinunue kaseti za Kodachrome, mkanda wa rangi wa zamani wa Kodak, hata ukipewa kwa bei ya karanga. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikizisafisha, ya mji wa Parsons, Kansas, Marekani, iliacha kuzipokea mwisho wa mwaka 2010.

Kaseti zikifika, ziweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, na siku ya kupiga zitoe saa mbili kabla ya kufungua ili zisitoe jasho. Ukisafiri nazo kwa ndege, omba zikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za CT za kukagulia mizigo zinaharibu mkanda ambao haujasafishwa. Zangu huwa zinakwenda Dar kwa treni, kwenye begi la mtu ninayemfahamu, na anayezipokea stesheni anazipeleka moja kwa moja kwenye friji yake.