Uzoefu wangu: kufuli la Abloy la mtumba, miaka miwili mchangani Kibirizi

Nimelitumia kufuli hili miaka miwili na ushee hapa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, sasa naweza kulisemea. Ni Abloy Classic la Finland, la mtumba. Nililipata kwa shilingi 45,000 kwa muuza vifaa vilivyotumika kule Gerezani, Dar es Salaam, likaja Kigoma kwa basi likiwa limefungwa ndani ya soksi. Ndugu yangu niliyemtuma alinipigia simu kabla ya kulipa. Akaniambia kwa hela hiyo ananunua makufuli mapya kadhaa na nauli inabaki. Nikamwambia achukue hilo hilo, ila kwanza alifungue na kulifunga mara kumi mbele ya muuzaji.

Sababu ya sharti hilo ni machungu ya nyuma. Mimi hukusanya makufuli ya zamani na yale magumu kufunguka. Kuna mtu aliwahi kuniuzia moja kwa picha ya simu, picha ina funguo mbili, mzigo ulipofika hauna hata moja. Kufuli lisilo na ufunguo huwezi kusikia linavyofanya kazi, na mimi nayapenda makufuli kwa sababu hiyo.

Mapenzi yenyewe nilirithi. Babu alifanya kazi ya reli hapa mwisho wa reli, akaacha kufuli la shaba lililogongwa herufi EAR&H, yaani Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948. Ndani yake kuna leva, vibao vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama karata, kila kibao na springi yake. Ufunguo unakinyanyua kila kibao mpaka kimo chake kamili. Kikipungua au kikizidi, kufuli halifunguki. Ufundi huo wa kimo kamili ni wa Mwingereza Robert Barron, mwaka 1778. Baadaye, mwaka 1818, Jeremiah Chubb wa Portsmouth akauongezea mtego: mwizi akiingiza waya na kuinua leva kupita kimo, leva inanasa pale juu. Mwenye mali akija na ufunguo wake halali, kufuli linagoma, naye anajua kabisa kuna mkono wa mtu umepita hapa. Chubb ya namna hiyo sina bado, naitafuta kama mtu anavyotafuta mtoto aliyepotea.

Turudi kwa Abloy. Ufunguo wake ndio unaoshangaza watu kwanza. Si bapa kama tuliouzoea. Chukua penseli uipasue katikati kwa urefu, basi nusu moja ndiyo sura yake, na kwenye kingo zake kuna mikato iliyolala kwa pembe mbalimbali. Ndani ya kufuli kuna visahani vilivyopangana. Ukizungusha ufunguo, kila kisahani kinazunguka kwa kiasi cha mkato wake, hiki kidogo, kile zaidi, mpaka pengo la kila kimoja linakuja kwenye mstari mmoja. Hapo kijiti cha chuma kilicholala ubavuni kinadumbukia kwenye mstari ule, na silinda nzima inaachiwa. Unasikia "tlak" moja nzito. Aliyebuni ufundi huu ni Emil Henriksson, fundi wa Helsinki, mwaka 1907, na inasimuliwa kuwa alichota wazo hilo kwenye mashine za kuhesabia fedha alizokuwa akizitengeneza.

Jambo kubwa kwangu ni kwamba visahani hivyo havina springi. Makufuli mengi ya madukani kwetu yanafuata mtindo wa Linus Yale Jr. wa mwaka 1861, pini ndogo zinazosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Mtindo mzuri, sina neno nao, lakini ipe springi kama hiyo mchanga wa Kibirizi uone.

Na sisi tumeona. Mjomba wangu ana boti, na injini yake hulala kwenye kibanda ufukweni. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku usio na mbalamwezi ni kazi kila siku, lakini mwezi ukikaribia kuwa mpevu wavuvi wanapumzika, injini inakaa siku kadhaa bila mtu kuigusa. Hizo ndizo siku za hofu. Kabla ya Abloy, mjomba alikuwa akibadilisha makufuli mara mbili tatu kwa mwaka. Mikono ya watu wa dagaa ina maji, magamba na mchanga, vyote vinaingia na ufunguo. Springi zinashika kutu, pini zinakwama, mwisho wake ufunguo unakatikia ndani alfajiri watu wakisubiri kutoka. Wengine humimina mafuta machafu ya injini ndani ya kufuli. Tafadhali msifanye hivyo. Mafuta mazito yanakamata mchanga na kuufanya tope.

Nilipomkabidhi Abloy nilimwambia, "Mjomba, shikamoo yangu ya leo ni hii. Lakini ufunguo ni mmoja tu, ukipotea tunaita grainda." Akaufunga kwenye kamba shingoni na hajautoa mpaka leo. Kwa miaka yote hii nimelihudumia mara nne: nalisuuza kwa maji safi, nalianika, kisha matone mawili ya mafuta mepesi ya cherehani. Halijakwama hata siku moja. Chuma cha nje kimepoteza mng'ao na kina madoa ya kutu upande mmoja, lakini "tlak" ni ile ile. Jambo lingine nililolipenda: hili langu haliachii ufunguo mpaka liwe limefungwa, kwa hiyo mjomba hawezi kuondoka na ufunguo akiwa ameacha mlango wazi.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ufunguo huo huo. Nilizunguka kwa mafundi funguo wote wa mitaa ya Mwanga na Gungu hapa Kigoma ninaowafahamu, hakuna mwenye mashine ya kukata mikato ya pembe. Fundi mmoja mzee aliupima kwa kidole, akaugeuza kwenye mwanga, akanirudishia bila kunitoza chochote. "Mwanangu, huu nikiujaribu kwa tupa nitakuharibia." Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Kama utanunua la mtumba, lipa zaidi upate lenye funguo mbili. Mimi nilishindwa kusubiri, na jambo hilo bado linaninyima usingizi.

Kasoro ya pili si ya kufuli. Mwezi wa tatu tu tangu tulifunge pale, mtu alikuja usiku na mtaimbo. Hakuligusa kufuli, aling'oa pata, ile bati ya mlangoni, pamoja na skrubu zake. Mbwa wa jirani ndiye aliyeokoa injini. Tulibadilisha tukaweka pata nene ya chuma, boliti zinapenya mbao mpaka ndani na nati ziko upande wa ndani. Jumla ya kazi hiyo, fundi wa kuchomelea na vifaa, ilikaribia bei ya kufuli lenyewe. Ihesabu kwenye bajeti yako.

Watu huniuliza kama kufuli hili "halifunguki". Sisemi hivyo. Joseph Bramah, fundi makufuli wa London, aliweka kufuli lake dirishani na ahadi ya gini 200, fedha ya zamani ya Uingereza, kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa zaidi ya miaka 60, mpaka mwaka 1851 alipokuja Mmarekani A. C. Hobbs akalifungua, kwa saa 51 zilizogawanywa kwenye siku 16. Mwizi wa Kibirizi hana saa 51, ana dakika tano kabla mlinzi hajazunguka tena. Kwa dakika tano hizo, kufuli hili nina imani nalo kabisa.

Nilikusudia likae kwa mjomba mwaka mmoja wa majaribio, kisha lirudi nyumbani Katubuka kwenye rafu. Mwaka ulipoisha nilikwenda na kufuli jipya mkononi la kubadilishana. Mjomba akalitazama, akashika kamba ya shingoni, akaniuliza kama nimekula. Tukala migebuka, nikarudi na lile jipya. Nafasi ya Abloy pembeni ya kufuli la babu bado iko wazi, nami naendelea kutafuta la pili, safari hii lenye funguo mbili.