Nilivyosomea Uzamili wa Filamu Nairobi: Uzoefu Wangu

Wapiga video wenzangu wa harusi huniuliza swali moja tu: inalipa? Wanamaanisha pesa. Karo yote ya uzamili wangu wa utayarishaji wa video na filamu za kidijitali haikuwa mbali na bei ya gari la Probox lililotumika, na mwenye Probox angalau hubeba abiria. Jibu langu ni kwamba inalipa, ila si kwa sababu zile zilizochapishwa kwenye kijitabu cha matangazo cha chuo. Chuo chenyewe sitakitaja. Nina malalamiko kadhaa, na waliosomea kwingine hapa mjini wamenisimulia mambo yaleyale, kwa hiyo jina halitamsaidia mtu.

Nilijiunga nikiwa nimeshafanya kazi kwa miaka: harusi, ruracio (sherehe za mahari), mazishi, matangazo ya saluni na ya makanisa. Madarasa yalikuwa ya jioni, saa 11 na nusu hadi saa 2 na nusu usiku. Kama unatoka upande wa Thika Road, foleni ni somo la ziada lisilo na alama. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: skripti, uongozaji, kamera, sauti, uhariri, nadharia ya filamu na mbinu za utafiti. Mwaka wa pili unatengeneza filamu yako na kuiandikia tasnifu.

Nianze na vifaa, maana ndivyo vinavyowavuta watu. Kijitabu kilionyesha kamera ya sinema, reli za kusukumia kamera na studio yenye ukuta wa kijani. Vyote vipo, hawakudanganya. Ila kamera ile ilikuwa moja, na tuliigombania sisi, wanafunzi wa shahada ya kwanza na wa stashahada. Muhula ukielekea ukingoni, kuipata ilikuwa shughuli. Tukachanga, tukaenda kukodi mjini: kamera kwa siku, lensi kwa siku, unaacha kitambulisho na jina la mtu wa kukudhamini. Gharama hiyo hakuna aliyetutajia siku ya kujiandikisha.

Upande wa kamera, aliyenifaa zaidi hakuwa mhadhiri. Alikuwa fundi wa stoo ya vifaa, mzee aliyefanya kazi televisheni tangu enzi za kanda. Siku moja mwenzetu alileta picha alizopiga ndani ya ukumbi wa kanisa, zimejaa milia ya kiza inayopanda polepole, naye analaumu taa za mirija. Mzee hakuuliza hata kamera ni gani. "Hiyo shata ni ya Marekani, kijana," alisema, akimaanisha muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu. Akatueleza kwamba umeme wa kwao ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kila sekunde, na wetu ni wa hezi 50; taa humeta mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ya hapa humeta mara 100 kila sekunde. Ukiweka fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60 ya sekunde kama wanavyofundisha wale wa mtandaoni, kamera na taa hazipatani. Weka fremu 25 na shata ya 1/50, milia inatoweka. Maelezo yalichukua muda mfupi kuliko kufunga tripodi. Mhadhiri wa somo lenyewe alikuwa bado kwenye historia ya lensi.

Somo la sauti lilikuwa jambo jingine kabisa, na peke yake ningelilipia. Mhadhiri alitupeleka nje na kinasa sauti na hedifoni, kamera akazifungia ofisini. Tukasimama mjini tukisikiliza. Nimeishi Nairobi maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuisikia hivyo: makanga, jenereta za maduka, mhubiri mwenye spika iliyopasuka. Ukienda South C au Lang'ata, ndege ndogo za Wilson zinakupitia juu ya kichwa katikati ya kila sentensi. Tulifundishwa kurekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, mazungumzo yacheze karibu na desibeli -12 ili mtu akicheka ghafla sauti isipasuke. Tukafundishwa pia kunasa sauti ya mahali patupu, kila mtu akiwa amenyamaza, kabla ya kufungasha vifaa na kuondoka. Harusini hakuna anayenyamaza, kwa hiyo hilo lilikuwa geni kwangu.

Nalo lilinijia wakati wake, kwa sababu filamu yangu ya mwisho niliipigia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Nilimfuata mzee mmoja anayetengeneza masanduku ya mabati, yale ambayo watoto wa shule za bweni huyabeba Januari. Aliyepita Kamukunji anajua: nyundo zinaanza asubuhi na hazinyamazi hadi jioni. Ukimbania mtu maiki kifuani umuulize habari za maisha yake, unapata mabati matupu. Nilikwenda kwa mhadhiri wa sauti nikiwa nimeshaamua kubadilisha mada. Akaniambia niache kupigana na nyundo. Nizirekodi peke yake, kwa karibu, sanduku moja tangu bati likiwa bapa hadi kufuli linapotiwa. Nirudi alfajiri ninase eneo likiwa limelala. Mahojiano niyafanye nyumbani kwa Mzee, jioni, redio ikiwa imezimwa. Nilifanya hivyo. Sasa filamu inasikika kama Kamukunji na maneno ya Mzee yanasikika pia.

Tukija kwenye uhariri, ndipo karo yangu ilipokwenda hasa. Kila Ijumaa tulikaa tukaguane. Unaonyesha ulichokata, wenzako wanakuuliza, huruhusiwi kujitetea mpaka wamalize. Mhadhiri wetu, ambaye sote tulimwita Madam, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Nilileta toleo langu la kwanza nikijiamini: droni juu ya mapaa ya Kamukunji, cheche za chuma kwa mwendo wa polepole, gitaa tamu chini yake. Darasa likapiga makofi. Madam akasema, "Hii ni harusi isiyo na bibi harusi. Toa muziki wote, uniletee Ijumaa ijayo."

Muziki ulipotoka, haikubaki kitu. Picha zilikuwa nzuri na kila moja ilikaa muda wa kupepesa jicho, lakini hakuna iliyoisukuma nyingine. Hapo ndipo nadharia niliyoisinzilia mwaka wa kwanza ilipoamka. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Kirusi, zaidi ya miaka 100 iliyopita alichukua uso mmoja wa mwigizaji akaupachika baada ya bakuli la supu, tena baada ya maiti ya mtoto ndani ya jeneza, na uso uleule ukasomeka kama njaa, kisha kama huzuni. Nilikuwa na picha ya Mzee akitazama pembeni. Nikaiweka baada ya rundo la masanduku lililobaki mwezi Machi: akaonekana mtu wa madeni. Nikaiweka baada ya mtoto anayeondoka na sanduku jipya kichwani kuelekea stendi ya Machakos: akawa babu. Ukweli ni kwamba wakati ule Mzee alikuwa akimtafuta kwa macho mama wa chai.

Nilipenda lile la madeni. Lilikuwa na uzito, na wazungu wa matamasha hupenda mambo ya uzito. Madam alilitazama akauliza tu: "Mzee ameiona?"

Nilimpelekea kompyuta Kamukunji. Alitazama akiwa ameketi juu ya sanduku, vijana wake wamemzunguka, wakicheka kila walipojiona. Ilipofika sehemu ya Machi alinigeukia. "Kijana wangu, Machi mimi sina madeni. Machi mimi nauza majiko." Na ni kweli, majiko yalikuwa pale nyuma kwenye picha zangu zote, nilikuwa nikiyakwepa na lensi kwa sababu filamu ilikuwa ya masanduku. Nikarudi kupiga majiko. Filamu iliyotoka ni ya mtu anayeijua kalenda ya jiji zima kwa kile linachonunua, na ni bora mara nyingi kuliko ile ya mzee mwenye huzuni. Kwa kazi ya harusi hakuna anayekuuliza maswali hayo. Mteja hulia kwa furaha, anakutumia salio kwa M-Pesa, mmeachana.

Sasa malalamiko.

Vibali kwanza. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya utafiti Kenya anahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anayepiga filamu anahitaji leseni ya filamu chini ya Sura 222 ya sheria zetu, ile ya filamu na michezo ya jukwaani. Anayerusha droni ana mambo yake na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Mimi nilikuwa yote matatu kwa pamoja. Wahadhiri wa utafiti waliijua NACOSTI na hawakujua kwamba kuna leseni ya filamu. Wa utayarishaji walikuwa kinyume chake. Katikati yao nilikuwa mimi na askari wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, ambaye karatasi ya NACOSTI aliitazama kana kwamba nimemwonyesha tikiti ya bahati nasibu. Fomu ya ridhaa tuliyopewa ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aelewe anachokubali, na mafundi wangu hawangesaini kitu wasichokisoma. Niliiandika upya kwa Kiswahili, nikawasomea, nikarekodi kukubali kwao mbele ya kamera.

Pili, diski. Kamera ya kawaida inayorekodi kwa mfumo wa H.264, unaobana video, kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Ile ya sinema, ukirekodi kwa mfumo wa ProRes 422 HQ, usiobana sana, kwa 4K na fremu 25 kwa sekunde, inapita GB 300 kwa saa. Kisha kila kitu kinatakiwa kiwe na nakala, tena moja ikae nyumba nyingine, maana wezi na mvua havichagui. Chuo hakikutupa hata diski moja. Leseni za programu ya kuhariri kwenye maabara zilikwisha muda katikati ya muhula, tukahamia DaVinci Resolve ya bure kwenye kompyuta zetu, na kusema kweli ilitosha. Rangi za filamu yangu zote zimefanywa humo.

Tatu, na hili linaniuma bado, ni tasnifu. Filamu ndiyo kazi iliyonigharimu usingizi, lakini iliyopimwa kwa makini ni kurasa. Msimamizi wangu alirudisha sura zangu zikiwa zimesahihishwa pambizo na nafasi kati ya mistari. Kuhusu filamu aliandika "nzuri". Siku ya kutetea kazi niliulizwa nadharia elekezi, niliulizwa sampuli, tena kwa filamu ya mtu mmoja! Mtahini mmoja alisema bila haya kwamba ameitazama kwa simu akiwa safarini. Sauti niliyoichanganya kwa majuma, nyundo upande wa kushoto, muadhini kwa mbali kulia, imepitia kispika cha simu. Vyuo vyetu bado havijaamua kama filamu ni utafiti au ni kiambatisho, na mwanafunzi ndiye anayelipia kutoamua huko.

Masoko na ufadhili tulivigusa mwishoni tu, kwa mgeni mmoja wa jioni moja. Ni yeye aliyetueleza jinsi mfuko kama Docubox, ulio hapahapa Nairobi, unavyosaidia filamu za hali halisi, na jinsi pendekezo la ufadhili linavyoandikwa. Jambo hilo lilistahili muhula mzima. Kuna watu darasani waliomaliza wakijua kueleza sinema ya Ulaya lakini hawajawahi kuandika bajeti.

Kikazi nimeona nini? Hakuna mteja aliyewahi kuniomba cheti. Lakini mashirika yanayotaka filamu za watu halisi huniita sasa, wakishaiona ile ya Kamukunji. Cheti kimenifungulia mlango mmoja tu: kufundisha kwa muda, jambo ambalo bila uzamili wasingelisikiliza. Harusi bado napiga, na bado natumia droni. Watu wanaipenda.

Kama umetoka shule juzi na hujawahi kushika kamera, usianzie hapa. Tafuta stashahada ya vitendo. KIMC, taasisi ya mawasiliano ya umma iliyoko South B, imekuwa ikifundisha watu wa utangazaji tangu 1961, na huko utashika vifaa kwanza kabla ya kuulizwa nadharia. Kama umeshachoka kupiga kitu kimoja kila Jumamosi na unataka mtu wa kukuuliza kwa nini, njoo. Ila kabla ya kulipa, omba uonyeshwe filamu za waliomaliza, si picha za studio. Uliza filamu ina alama ngapi na tasnifu ngapi, wakujibu kwa maandishi. Uliza kamera moja inagawanywa kwa wanafunzi wangapi. Omba kuketi nyuma jioni moja wanapokaguana kazi. Wakikataa, au wakikuambia kwamba hawana kitu kama hicho, pesa zako zipeleke kwingine. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo ya uzamili, na vyuo vingi hukubali karo kwa awamu ukiomba mapema, lakini diski na kukodi kamera havimo kwenye hesabu ya mtu yeyote isipokuwa wewe. Zitenge hizo kando kabla mwaka wa pili haujaanza.