Masomo ya video ya kupandikiza lulu: uzoefu wangu nikiwa Dodoma

Masomo haya yanauzwa pamoja na seti ya vifaa: kabari za plastiki, kifaa cha kupanulia gamba, kisu chembamba, sindano mbili, kijiko cha kubebea kiini (kile kipira kinachoingizwa ndani ya chaza ili lulu ijengeke juu yake) na mfuko wa viini vya mazoezi. Nayapima kwa jicho la mtu wa bara, maana wengi wanaoniulizia wako Dodoma, Singida na Iringa.

Somo la utando peke yake linatosha kurudisha hela yako. Lulu haitengenezwi na kile kiini cha duara. Inatengenezwa na seli za upande wa nje wa utando unaofunika nyama ya chaza, zile zinazogusa gamba. Mwalimu anakata ukanda wa utando kutoka kwa chaza wa kwanza, yule anayetoa utando tu, anaufuta ute kwa sponji yenye maji ya bahari, anaondoa ukingo wenye rangi nzito, kisha anaukata vipande vya mraba vya milimita 2 hadi 3. Vyote vinalazwa kwa upande mmoja, na hapo kamera imesogezwa karibu kiasi kwamba unaona wembe unavyoshuka wima bila kuvuta. Kipande kikigeuka, au kisipogusa kiini ndani ya chaza anayepandikizwa, seli hazikizunguki kiini na kufanya mfuko. Baada ya miezi yote ya kusubiri, kiini kinatoka kama kilivyoingia.

Jambo ambalo video hazigusi ni hewa yetu. Kiangazi cha Dodoma, na upepo ule, hukausha vipande hivyo upesi, na seli ikikauka imekufa. Vikatie juu ya kibao kilichotandikwa kitambaa kibichi, mbali na dirisha na feni. Usivilowanishe kwa maji ya bomba, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huvimbisha seli na kuzipasua. Kwa mazoezi, gramu 35 za chumvi ya kawaida katika lita 1 ya maji zinafaa.

Angalieni sana ushauri wao wa kufanyia mazoezi yote kwenye chaza wa kula anayeletwa na barafu kutoka Dar. Kukata utando, sawa. Kupasua, hapana! Chaza wa kula akishakua hana mguu, na kwa chaza wa lulu kisu huingia karibu na shina la mguu, kisha sindano inachimba njia hadi kwenye tezi ya uzazi. Alama hiyo usipoizoea, utatoboa utumbo. Mimi naona maini ya kuku yanafundisha mkono vizuri zaidi: chana ngozi kidogo, chimba njia nyembamba, ingiza kiini, kisha sukuma kipande cha utando mpaka kikiguse. Njia ikiwa pana kuliko kiini, kiini kinateleza na kurudi.

Kufungua gamba kumepitwa harakaharaka, nami nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa. Chaza aachwe afunguke mwenyewe, kabari iingie, kipanuzi kifuate polepole, nafasi iwe ya kupitisha kifaa na kiini tu. Ukilazimisha, msuli wa kufunga gamba unachanika na chaza anakufa hata kama upasuaji ulikuwa safi. Uuguzaji nao haumo. Chaza aliyepasuliwa anahitaji maji tulivu, na wengi wanaotema kiini hukitema wiki za mwanzo, ndiyo maana huwekwa kwenye nyavu zenye matundu madogo ili viini vilivyotemwa vihesabike.

Viini vya kwenye seti ni plastiki, vya kuchezea mkono tu. Vya kazi huchongwa kwa magamba mazito ya kome wa mto Mississippi, Marekani, na chaza wa midomo myeusi, aina mojawapo ya chaza wa lulu, huachwa kwa kawaida miezi 18 hadi 24 kabla ya kuvunwa.

Lulu nusu nazo hazikutajwa kabisa, ilhali ndizo zinazofugwa Zanzibar. Pale hakuna kupasua tezi: unagundisha kiini cha nusu duara ndani ya gamba kwa gundi kali, chaza anakifunika mwenyewe. Anayetaka kufika pwani akiwa na kazi ya kuanzia angenufaika na somo hilo kabla ya haya yote.