Nakala ya Stubbs au Farasi wa Mbao wa Dalarna?

Anayetaka kupamba nyumba ya mtindo wa shamba kwa sanaa ya farasi anaweza kuchagua kati ya njia mbili zisizofanana hata kidogo: nakala ya mchoro wa Mwingereza George Stubbs, au farasi wa mbao wa jimbo la Dalarna, nchini Uswidi.

Mchoro wa Stubbs wa farasi aitwaye Whistlejacket, uliochorwa mwaka 1762 hivi na ambao sasa uko katika jumba la sanaa la National Gallery jijini London, una urefu wa karibu mita 3, na nyuma ya farasi hakuna mti wala mbingu, ila rangi tupu. Utupu huo ndio unaodai ukuta mpana usio na kabati wala saa. Ukipunguzwa hadi ukubwa wa kalenda na kutundikwa juu ya jiko la kuni, mchoro hupoteza nguvu zake, na karatasi nayo hujikunja kwa joto.

Farasi wa Dalarna, anayechongwa kwa msonobari hasa katika kijiji cha Nusnäs, hana madai hayo. Mwili wake kwa kawaida ni mwekundu, na maua ya tandiko lake huchorwa kwa brashi iliyochovywa rangi mbili kwa pamoja, hivyo kila petali hupata kivuli chake kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaomdharau kuwa ni kumbukumbu ya watalii tu, hasa tangu alipopata umaarufu katika maonyesho ya New York ya mwaka 1939. Hata hivyo, kwa nyumba yenye dari fupi na madirisha madogo, ningemchagua yeye, tena mmoja aliyebanduka rangi puani kuliko safu ya wapya saba.