Kupitisha mizigo ya Kampala: Mombasa au Dar es Salaam?
Baada ya kupitisha makontena ya vipuri kwa njia zote mbili, bado naipa Mombasa nafasi ya kwanza, kwa kuwa barabara yake hadi Kampala ni fupi kwa mamia ya kilomita, ingawa wakala mmoja wa forodha alinichelewesha siku tisa bila maelezo. Dar es Salaam nayo inajitahidi, hasa tangu Oktoba 2023, Tanzania ilipotia saini mkataba wa miaka 30 na DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, kuhusu baadhi ya gati.

Ushindani huu haujaishia kwenye makontena. Mwaka 2016 Uganda iliiacha njia ya Lamu ikachagua bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. Na Kenya ilipoinyima kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, UNOC, leseni ya kuingiza mafuta kupitia Kenya, Kampala ilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwishoni mwa 2023, huku ikiitazama Tanzania kama njia mbadala, hadi walipopatana na shehena zake zikaanza kupita Mombasa Julai 2024.

Kwa kuhofia mivutano ya namna hii, kontena moja kati ya kila matano naendelea kulipitisha Dar es Salaam, japo nauli ni kubwa zaidi.