Baiskeli ya mtumba yenye gia 21: miezi minane kwenye Barabara ya Ngong

Mimi ni wa Tanga. Nilijifunzia Phoenix ya baba, baiskeli nzito isiyo na gia, nikipenyeza mguu chini ya bomba kwa sababu kiti sikifikii, kwa hiyo nilipohamia Nairobi kikazi nilijua baiskeli si jambo la kunishinda. Kumbe. Tanga ni tambarare, upepo wa bahari unakusukuma. Huku ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na wiki ya kwanza nilihema mpaka askari wa getini akaniletea kiti.

Niliyonunua ni mtumba kutoka Uingereza, zile za milimani, gia 21. Muuzaji alianzia 17,000, tukavutana hadi shilingi 13,500 za Kenya. Fremu sina neno nayo: nyepesi, haina ufa, naibeba mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Lakini aliyeniapia kwamba "iko tu sawa" alijua raba za breki zimelika hadi chuma. Mimi nilijua siku natelemka kuelekea mjini, matatu ya mbele yangu ikafunga breki ghafla kupakia abiria. Nilijitupa kwenye majani. Raba, waya na tyubu mbili vikala 2,100 nyingine.

Gia alinifundisha fundi mmoja wa Dagoretti Corner, mzee anayefanyia kazi chini ya mwavuli. Nilikuwa nangoja mlima unishinde ndipo nibadilishe. Cheni inakwaruza, kisha inachomoka. "Mama, badilisha kabla mlima haujaanza, na usikanyage kwa nguvu. Hii si Black Mamba." Black Mamba ndiyo Phoenix yetu, kwa jina la huku. Tangu siku hiyo cheni imetoka mara moja tu.

Kutoka nyumbani Dagoretti Corner hadi kazini Upper Hill ni kama kilomita sita. Asubuhi natelemka, dakika 25. Jioni napanda, 40, na bado nawaacha wenzangu ndani ya matatu, hasa mvua ikinyesha. Barabara ina njia yake ya baiskeli, ila utaikuta na bodaboda, viatu vilivyoanikwa, na mama wa mahindi ya kuchoma na jiko lake. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Samahani, naomba kupita," kistaarabu cha kwetu. Sentensi haijaisha nimeshamfikia mtu. Siku hizi napiga mluzi kama wasukuma mikokoteni.

Kwa wanawake wenzangu: hizi hazina kava ya cheni. Sketi mbili zimekwenda hivyo. Sasa naikunja na kuibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, watu wacheke.

Wala hazina madigadi. Masika yote nilifika ofisini na mstari wa tope mgongoni. Niliyofunga ya plastiki inagongagonga tairi kila nikipita tuta, na mzee wa mwavuli ameahidi kunikatia nyingine ya bati Jumamosi.