Uzoefu wangu wa daladala za Mtumba, kwa anayehamia Dodoma kikazi peke yake

Anayehamishiwa Dodoma kikazi, hasa asiye na gari na anayekwenda peke yake, apange njia ya kwenda kazini kabla ya kupanga chumba. Nilihamia hapa kutoka Iringa nikiwa sina ndugu wala mwenyeji, na tangu hapo nimekuwa nikitegemea daladala za Barabara ya Dar es Salaam kunifikisha ofisini Mtumba kila siku ya kazi. Tathmini hii ni ya hizo daladala, lakini siwezi kuitenga na suala la makazi, kwa sababu usafiri ule ule unaomfaa mkazi wa Nzuguni, eneo lililo kando ya barabara hiyo upande wa mashariki wa jiji, unaweza kumchosha kabisa anayeishi upande wa pili wa jiji.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini watumishi walianza kumiminika hasa baada ya mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuwa sasa inahama kweli, na baadaye wizara zikajengewa ofisi katika Mji wa Serikali pale Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji. Kwa mgeni, hilo ndilo jambo la kulielewa mapema. Katika miji yetu mingi ofisi ziko mjini, kwa hiyo mtu anayetafuta chumba huuliza ni umbali gani kufika mjini, na madalali wa Dodoma nao hujibu kwa kipimo hicho hicho, wakiisifia Area C, Makole au Chang'ombe kwamba hapo ni mjini kabisa. Ni kweli ni mjini, na panamfaa anayefanya kazi benki au dukani. Lakini mfanyakazi wa Mtumba atalipa kodi ya mjini, kisha kila asubuhi ataupa mji mgongo.

Siku za mwanzo nililala katika nyumba ya wageni karibu na stendi kuu ya mabasi pale Nane Nane, na sikutoa kodi ya chumba chochote mpaka nilipokwisha kuijaribu njia kwa saa zile zile ambazo ningesafiri nikianza kazi. Jambo hili nalisisitiza sana. Saa za kazi serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na barabara unayoikagua Jumamosi mchana siyo utakayoikuta Jumatatu saa 12:30 asubuhi, wakati wanafunzi, watumishi, mafundi ujenzi na wafanyabiashara wa sokoni wote wanagombea magari yale yale. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye huchukua ya mwezi mmoja, kwa hiyo ukishalipa huna nafasi ya kubadili mawazo hadi nusu mwaka upite.

Umbali wa kutoka nyumbani hadi barabarani nao unastahili kupimwa kwa miguu yako mwenyewe. Dalali mmoja alinionyesha chumba kizuri, chenye choo cha ndani na maji yasiyokatika, akanihakikishia, "Dada, hapo hadi lami ni dakika tano tu." Nikamuuliza, "Dakika tano za miguu au za boda, kaka?" Akakiri kwamba ni za boda. Kwa nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipanga Sh600 kwa daladala ya safari isiyozidi kilomita 10, lakini bodaboda haina nauli elekezi ya namna hiyo; ni maelewano yako na dereva. Hivyo kipande kile kifupi cha vumbi, kuingia na kutoka, kinaweza kukugharimu kuliko safari yote ya lami. Na Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo makorongo yaliyokuwa makavu miezi mingi hujaa maji kwa ghafla na njia za mitaani zikawa hazipitiki, hata boda akakataa kukufuata. Nilichagua chumba kidogo zaidi Nzuguni, karibu na stendi ile ya Nane Nane, mahali ninapoweza kutembea hadi kituoni bila kuvua viatu hata siku ya mvua.

Sasa daladala zenyewe. Nyingi huanzia mjini na hazitoki mpaka zijae, kwa hiyo anayepandia mjini ana uhakika wa kiti lakini hana uhakika wa saa ya kuondoka. Anayepandia Nane Nane hali yake ni tofauti: gari linafika limejaa, konda anapiga bati kwa kiganja huku akitaja "Ihumwa, Mtumba", na pale pale kundi la abiria wa stendi na wa Soko la Job Ndugai linashuka, viti vinapatikana. Ukisimama mbele kidogo ya kituo, mahali ambapo mlango unakuja kusimama, unaingia wao wanapomaliza kushuka. Makonda wengi niliowakuta ni waungwana. Ukimwambia mapema unaposhukia, atakukumbusha bila kukufokea, na ndivyo nilivyojifunza majina ya vituo.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu, nalo ni jua. Barabara hii inaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi unakwenda nalo usoni na jioni unarudi nalo usoni. Mwezi Juni na Julai jua linapokuwa kaskazini, kaa upande wa kulia unapokwenda Mtumba na upande wa kushoto unaporudi, Desemba geuza. Juni na Julai, miezi ya kiangazi, pia upepo wa Dodoma ni mkali na unabeba vumbi, madirisha yakiwa wazi nguo nyeupe hazifiki ofisini zikiwa nyeupe. Natembea na mtandio kwenye mkoba mwaka mzima.

Jioni ndipo huduma inaponifurahisha zaidi. Ninaposhuka Nane Nane, soko liko hapo hapo, nanunua mboga na matunda kisha natembea nyumbani, sihitaji safari nyingine ya kwenda mjini kwa ajili ya mahitaji ya kila siku. Kwa mtu anayeishi peke yake, asiye na wa kumtuma dukani, nafuu hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kodi. Kwa safari ya asubuhi na ya alasiri ninazipa daladala hizi alama nne kati ya tano.

Alama ya tano naizuia kwa sababu ya usiku. Giza likishaingia magari ya kutoka Mtumba hupungua, na anayefanya kazi ya kumalizia bajeti au taarifa za mwisho wa mwaka wa fedha hawezi kuitegemea daladala. Uliza kwanza kama ofisi yako ina basi la watumishi na linaondoka saa ngapi. Kama halipo, jitambulishe mapema kwenye kijiwe cha bajaji kilicho karibu na unapoishi, upate dereva mmoja anayefahamika na wenzake pamoja na majirani, na mkubaliane bei mchana, kabla ya siku utakayochelewa. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye utamwendea kujitambulisha kama mkazi mpya, anaweza kukuelekeza kwa dereva anayeaminika. Wa kwetu ndiye aliyenipa namba ya huyu ninayemtumia hadi leo.